Sensa Niliyoifunga kwa Mikono Yangu

Wiki iliyopita mliniacha jikoni nimeshika mwiko, nasikiliza mawifi zangu wakinijadili sebuleni kana kwamba ukuta wetu ni wa chuma. Mpo mlionilaumu, mkasema ningetoka nikawajibu palepale. Ngojeni. Mkimaliza ya leo mtaona kwamba siku ile ya mwiko nilikuwa bado nina raha.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nitasema kwa ufupi. Mimi ni dobi. Nafua mashuka ya nyumba ya wageni na kuyaanika kwenye ua wetu, naishi na mume wangu, binti yetu mmoja na mama mkwe. Mume wangu ni dereva wa bosi mmoja mkali, na gari la bosi hulala uani kwetu.

Asubuhi moja nilipeleka mashuka makavu kwa wenyewe. Niliporudi nilimkuta mama mkwe amelala chini katikati ya mashuka niliyoyaanika, nyonga imevunjika. Beseni langu lilikuwa limepinduka, maji ya sabuni yametapakaa, mkongojo wake uko pembeni umepoteza kipira chake cha chini. Mume wangu alikuwa ameshaondoka kwenda kazini.

Mawifi hawakuhitaji ushahidi. Maji ni yangu, beseni ni langu, na mwenye kuangalia kama mkongojo wa mama una kipira au hauna ni mimi. Niliapa kwamba beseni nililiacha limekaa wima, limejaa mashuka niliyoyaloweka. Nani wa kunisikiliza? Mama mwenyewe aliulizwa akasema tu, "Nilianguka," akageukia ukutani.

Wakaitisha kikao cha ukoo siku ya Jumapili. Shauri lilikuwa moja: nirudishwe kwetu, na binti yangu abaki.

Kurudishwa ningekuvumilia, ndugu zangu. Mwanamke harudi kwao uchi, atarudi na mikono yake. Lakini kumwacha mwanangu alelewe na wifi mkubwa, yule anayepima sukari ya chai ya watoto kwa ncha ya kisu, hilo lilininyima usingizi na chakula.

Basi Jumamosi, siku moja kabla ya kikao, mume wangu akaniita uani.

"Mama watoto, njoo unishikie tochi."

Nilimkuta amejilaza nyuma ya gari la bosi, amezungukwa na bisibisi na misumari ya plastiki. Kwenye bampa la nyuma la gari lile kuna vidude vinne vya duara, vikubwa kama vifungo vya koti. Ndizo sensa. Ukirudisha gari nyuma ukakaribia kitu, zinalia ndani kwa dereva, na kadiri unavyokaribia ndivyo zinavyolia haraka, hadi mlio unaungana unakuwa mmoja. Sensa moja, ya upande wa kushoto, ilikuwa imepasuka na kuzama ndani.

Hilo nilikuwa nalijua. Alikuwa ameniambia amegonga nguzo ya kazini kwao.

"Jumatatu bosi anakagua gari," akasema. "Anazunguka na kikombe cha chai mkononi, anapapasa kila kona. Akiiona hii sina kazi."

"Si upeleke kwa fundi?"

"Fundi wa ofisini atamwambia. Wa mtaani ana mdomo."

"Mdomo wa fundi na nguzo vinahusiana nini?"

Akaokota bisibisi. Ningesimama hapohapo, nikang'ang'ania swali langu kama mbwa na mfupa. Ila mtu ambaye kesho yake anafukuzwa hana nguvu za kuuliza habari za nguzo.

Alikuwa amenunua sensa mpya kwenye duka la spea, na kwenye simu alikuwa na video ya jamaa mmoja anayebadilisha sensa huku anatabasamu, mikono haina hata doa. Mimi nafua mashuka ya wageni, namjua mtu aliyefanya kazi na namjua mtu aliyepigwa picha. Jamaa yule hakufanya kazi ile.

Kazi yenyewe si ngumu sana. Huhitaji kuvua bampa lote. Unafungua misumari ya chini, unachomoa klipu za pembeni kwa bisibisi bapa, bampa linaachia kidogo upande mmoja, unaingiza mkono kwa nyuma hadi kwenye sensa. Shida ilikuwa huo mkono. Wa mume wangu ni wa kushika usukani. Ulifika kwenye kifundo ukakwama, akautoa umechubuka, akatukana bampa, kiwanda na mama wa mwenye kiwanda.

"Ingiza wewe," akasema. "Mikono yako imeliwa na sabuni, itapita."

Nikatandika gunia, nikalala chali, nikaingiza mkono.

"Fuata waya hadi kwenye soketi," akaniongoza. "Kuna kiulimi. Kibonyeze, halafu vuta."

Nikafuata waya. Nikahisi umechunika sehemu, nikamwambia. Akasema hana tepu ya umeme, anakwenda kuazima kwa jirani. Nikasikia geti likifunguka na kufungwa.

Nikabonyeza kiulimi, soketi ikaachia. Nikaminya sensa mbovu kwa ndani, ikatoka vipande. Nikapapasa kuhakikisha hakuna kipande kilichobaki.

Kidole kikagusa kitu laini. Kilikuwa kimebanwa kati ya bampa na chuma, juu kidogo ya lile tundu la sensa. Nilidhani ni sehemu ya gari, nikataka kukiacha. Halafu nikajiambia, gari la watu hili, kisije kikazuia sensa mpya. Nikakivuta.

Kilikuwa kipira cheusi, kimelika upande mmoja. Ndani kuna kitambaa cheupe kilichokunjwa.

Kitambaa kile nilikikunja mimi. Kipira kilikuwa kikubwa kuliko fimbo, kikawa kinachomoka, nikachana pindo la shuka bovu nikajazia ndani ili kikaze. Kilikuwa kipira cha mkongojo wa mama mkwe.

Nikakaa kwenye gunia. Kwanza niliogopa, sijui niliogopa nini, maana mwenye kosa hakuwa mimi. Halafu hasira ikapanda hadi meno yakaniuma.

Mume wangu akarudi na tepu. Akaniona nimekaa.

"Umemaliza?"

Nikafungua kiganja. "Hiyo nguzo ya kazini kwenu hutembelea mkongojo?"

Alikitazama kipira. Tepu ikamtoka mkononi, ikaviringika hadi chini ya karo, wala hakuifuata. Akachuchumaa mbele yangu, mtu mzima, dereva wa bosi, akawa anapumua kwa mdomo.

"Sikumwona," akasema. "Haki ya Mungu, mama watoto, sikumwona."

"Na sensa? Haikulia?"

"Ililia."

"Ikalia ukafanya nini?"

"Si hulia kila siku?" Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Hulia kwa sababu ya mashuka yako. Kila asubuhi nikirudi nyuma inalia, nikiyapita inanyamaza. Nimeizoea. Nilijua ni mashuka."

Nataka niwe mkweli kwenu, maana bila ukweli safu hii haina kazi. Neno lile lilinichoma kwa sababu ni la kweli. Ua wetu ni mwembamba, kamba zangu zinakatiza njia ya gari. Asubuhi ngapi mimi mwenyewe nimesimama na vibanio mdomoni nikamwambia, "Pita tu, ni mashuka hayo"? Nilimfundisha mume wangu kuidharau sensa ile. Nilimfundisha kwa mdomo wangu.

Na mama alikuwa nyuma ya shuka kwa ajili yangu. Alikuwa na mazoea ya kuyanyoosha mikunjo yakiwa mabichi, ili nisichelewe kupiga pasi.

"Ukamwacha chini," nikasema.

"Yeye mwenyewe aliniambia niondoke."

"Mtu aliyevunjika nyonga akakuambia uende zako kazini?"

"Muulize."

Kuku wa jirani alikuwa anachakura karibu na geti, nikamchukia kuku yule kwa jinsi alivyokuwa hana habari.

"Siku zote hizi," nikasema, "dada zako wananitukana nyumbani kwangu, na wewe unapita unaomba chumvi."

Akaanza kulia. Sitamsingizia, alilia kweli. Akasema kesho atasimama mbele ya baba mdogo na dada zake, atasema mwenyewe kwa kinywa chake. Aliomba kitu kimoja tu, tuifunge sensa kwanza. Bosi akijua gari lake limegonga mtu, kazi imekwisha, na hata nikibaki kwenye ndoa nitabaki na njaa.

"Na hicho nipe," akanyoosha mkono. "Nitawaonyesha mimi. Kikitoka kwako watasema umekipandikiza."

Nikampa.

Najua mnavyoniambia sasa hivi. Mnaniita mjinga, na mimi nimeshajiita hivyo mara nyingi kuwapita ninyi. Lakini alikuwa mume wangu, alikuwa analia, na alichosema kilikuwa na akili. Nikampa kipira kwa mkono wangu, nikalala tena chali kwenye gunia.

Sensa mpya ina kimshale mgongoni, lazima kitazame juu, la sivyo inasikia ardhi badala ya watu. Nikaisukuma kwenye tundu hadi ikalia ta. Nikachomeka soketi, nikazungusha tepu kwenye waya uliochunika. Sensa hiyo ilikuwa nyeusi ilhali wenzake ni wa rangi ya fedha, tukakumbuka rangi ya kucha ya wifi mdogo iliyosahauliwa dirishani. Nikaipaka nyepesi, kwa sababu muuza spea alisema ukiipaka nene inakuwa kiziwi. Tukarudisha klipu na misumari. Ungeletewa gari lile usingejua ipi mpya na ipi ya zamani.

"Simama nyuma tuijaribu," akasema.

Akaingia kwenye gari, akavuta breki ya mkono, akawasha, akaingiza gia ya rivasi. Mimi nikasimama pale mama alipovunjikia.

"Sogea. Sogea tena. Njoo kushoto."

Ikaanza kulia. Nikasogea, ikalia haraka. Nikanyoosha mguu hadi karibu na bampa, mlio ukaungana.

"Inakusikia vizuri," akasema dirishani, na uso wake ulikuwa umepata nafuu kabisa.

Nikawaza kwamba basi kimepatikana kimoja cha kunisikia kwenye nyumba hii.

Jioni ile nilimwogesha mama mkwe kama kawaida tangu atoke hospitali. Kitanda chake kiko chini ya dirisha linalotazama uani, nilikisogeza huko mwenyewe ili apate upepo. Nilikuwa nafuta mgongo wake kwa kitambaa cha maji moto. Nikasema taratibu, "Mama, leo nimeona kipira chako kwenye bampa la gari."

Mgongo ukakakamaa mkononi mwangu.

"Funga mlango," akasema.

Nikafunga.

"Nilisikia gari linakuja," akasema bila kunigeukia. "Nikaita, redio yake inapiga kelele. Nikalichoma kwa mkongojo ili asimame. Kipira kikabaki huko. Ndipo likanisukuma."

"Na ulimwambia aondoke?"

"Nilimwambia."

"Kwa nini, mama?"

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alishuka akaniona, akashika kichwa. Nikamwambia, nenda baba, bosi wako anakusubiri, mkeo atanikuta. Mtu aliyemgonga mama yake mzazi, nani atamwita mwanamume tena? Dada zake wangemtema mate."

Nikaendelea kufuta. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe. "Na beseni? Beseni niliacha wima, mama. Unajua niliacha wima."

Akakwangua rangi ya ukuta kwa ukucha.

"Alilimwaga yeye," akasema. "Kabla ya kuondoka."

Jamani. Kugonga ni ajali. Kuondoka ni woga, na woga naujua, nimeolewa nao. Lakini mtu kusimama juu ya mama yake anayeugulia, akafikiria, akalitafuta beseni la mkewe, akalipindua, kisha akaenda kumfungulia bosi mlango wa gari?

"Kesho ameahidi kusema," nikasema.

"Hatasema. Nimemzaa, namjua."

"Basi utasema wewe."

Ndipo akanigeukia, kwa maumivu, akiuma mdomo. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mwanangu, nakupenda. Hakuna mkwe aliyeniogesha hivi, wala mabinti zangu. Lakini yule nimemzaa. Wewe una mikono, utarudi kwenu utafua, utaolewa. Yeye akianguka hainuki."

"Na binti yangu, mama?"

"Nitamlea mimi."

"Kwa nyonga ipi?"

Nikamvalisha nguo, nikamfunika, nikamwaga maji. Nilitoka nje nikalia nimejifunika shuka la wageni usoni, ikabidi nilifue upya.

Jumapili wakaja. Wifi mkubwa na mkoba wake, wifi mdogo na simu yake, na baba mdogo, mdogo wa marehemu baba mkwe. Huyu mzee ujanani alikuwa refa wa mpira, na mpaka leo mtaani wanamwita Refa. Ana tabia moja: hapendi kuhukumu kitu asichokiona kwa macho. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama kwa huruma. Huruma ile ilinitisha kuliko matusi ya mawifi.

Kikao kilifanyika chumbani kwa mama ili naye asikie. Binti yangu nilimpeleka kwa jirani, asije akasikia akigawiwa.

Wifi mkubwa akaanza. Alizungumza kuhusu maji, uzembe, na mashuka ya wageni yasiyojulikana nani kayalalia, yanavyoingizwa kwenye nyumba ya watu wenye heshima. Alipofika kwenye kipira cha mkongojo alishika kifua.

"Kipira tu," akasema. "Kitu kidogo namna hiyo mkwe ameshindwa kukiangalia."

Nikamtazama mume wangu. Kipira kilikuwa mfukoni mwake, au alikwishakitupa, sijui. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Baba mdogo akamgeukia. "Wewe ndiye mwenye mke. Una neno?"

Nilimwona anameza mate. Nilimwombea, ndugu zangu, wakati ule bado nilimwombea.

"Sina, baba mdogo," akasema.

"Shemeji zako kule kwao wakiuliza tuseme nini?"

"Semeni mlivyoona."

Baba mdogo akamgeukia mama. "Shemeji, wewe ndiye uliyeumia. Ulianguka vipi?"

Mama akatafuta mkono wangu juu ya shuka, akaushika. Mkono wake ulikuwa wa moto. Nikadhani, sasa.

"Niliteleza," akasema. "Palikuwa na maji yake."

Akaniminya vidole huku anasema. Sijui alikuwa ananiomba radhi au ananizuia nisiondoke. Nikautoa mkono wangu polepole.

"Basi," akasema wifi mkubwa. "Maji yakimwagika hayazoleki. Afungashe leo, mtoto nitaondoka naye mimi."

Wifi mdogo, ambaye hajawahi kunitetea, akasema angalau nimalize wiki. Wifi mkubwa akamwambia kama anaona huruma akamwogeshe mama yeye. Wifi mdogo akarudi kwenye simu.

"Binti," baba mdogo akaniambia, "unalo la kusema kabla hatujafunga?"

Ningesema nini? Kipira nilikwishakitoa. Sensa iliyopasuka ilikuwa imeshachukuliwa na gari la taka. Iliyopo ni nzima, imekaa sawa, imepakwa rangi, na niliifunga mimi. Ningesema mume wangu amemgonga mama, na mama mwenyewe keshasema ameteleza. Ningeitwa mchawi juu ya uzembe.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga, naapa. Miguu ndiyo iliyosimama.

"Baba mdogo, wewe ulikuwa refa," nikasema. "Huwezi kutoa kadi kwa kusimuliwa. Naomba twende uani. Mume wangu aingie kwenye gari, alirudishe nyuma kama anavyolirudisha kila asubuhi. Mimi nitasimama pale mama alipokuwa amesimama. Muangalie wenyewe kama pale kuna kuteleza."

"Mchezo gani huo?" wifi mkubwa akauliza.

Mume wangu akawa wa kijivu. "Gari la watu. Siwezi kulichezea."

"Hulichezei," nikamwambia. "Unatoka uani tu, kama kila siku. Au kuna siku ulitoka vingine?"

Baba mdogo alimtazama mume wangu, akanitazama mimi. Mzee si mjinga. Aliokota kofia yake, akasema, "Ni hatua chache. Twendeni."

Kamba zangu zilikuwa zimejaa, wageni hawana Jumapili. Mashuka mabichi yalikuwa yananing'inia kutoka ukuta hadi ukuta. Nikainama nikapita chini yake, nikasimama upande wa pili. Mbele yangu nilikuwa naona weupe tu.

Nikasikia mlango wa gari ukifungwa. Injini ikawaka. Dirisha lake lilikuwa wazi, maana nilisikia gia ikiingia, na mara sensa zikaanza.

Polepole kwanza. Hayo ni mashuka, nikajua, na yeye alijua, na alijua pia kwamba safari hii si mashuka peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mume wangu kurudisha gari lile akijua ni nani yuko nyuma ya shuka. Angeweza kusimama. Angefungua mlango akasema, baba mdogo, nilifanya hivi. Nilimwachia nafasi hiyo, nikasimama ndani yake kwa miguu yangu.

Gari likaja.

Mlio ukaongeza mwendo. Moyo wangu ukaufuata. Nilimwaza binti yangu kwa jirani, nikawaza nywele zake sijazisuka. Nilitaka kurudi nyuma, na sikurudi, kwa sababu nikirudi nitarudi hadi kwetu bila mtoto. Shuka likaanza kutuna kuelekea kwangu. Ubichi wake ukanigusa uso.

Mlio ukaungana ukawa mmoja.

"Linakwenda wapi hilo," nikasikia wifi mdogo akisema.

Bampa likanigusa goti kupitia kwenye shuka. Ndipo sauti ikatoka dirishani kwa mama, sauti ambayo sikujua mgonjwa yule bado anayo.

"Simama, baba. Simama, mwanangu, utamvunja na huyu."

Gari likazimika. Nikasikia mashuka yanavyodondosha maji.

"Na huyu?" Ilikuwa sauti ya wifi mkubwa, ya chini, tofauti kabisa na ile ya kikaoni. "Mama, na huyu na nani?"

Mlango wa gari haukufunguka. Dirishani hakuna aliyejibu. Nikabaki nyuma ya shuka, bampa limenibana goti, nasubiri nisikie ni nani kati ya wale wawili atakayesema kwanza, mama au mwanawe.